Kila Barabara na Moto Wake: Shajara ya Msafara wa Magari ya Zamani

Siku moja kabla ya kuondoka

Boneti zote ziko wazi. Msafara una gari dogo la michezo lenye kabureta mbili, Volkswagen Beetle yenye injini nyuma, saluni ya miaka ya 1970 inayotumia mfumo wa K-Jetronic wa kunyunyiza petroli, na pikapu ngumu yenye nyaya nyingi zilizoongezwa na mikono mingi. Kila gari lina namna yake ya kushika moto, na kila kipande cha barabara kina namna yake ya kuuamsha. Asubuhi ya baridi huleta moto wa aina moja, mlima huleta mwingine, mteremko na mvua ya usiku vivyo hivyo. Ukaguzi wa leo unafuata njia hiyo.

Tunaanza na petroli, kwa kuwa haina siku ya upole. Mvuke wake unaweza kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, na unatosha ukifika asilimia 1.4 tu ya hewa. Ni mzito kuliko hewa, hivyo haupai juu ukapotea. Hushuka, hutambaa sakafuni na kutuama penye shimo, ukisubiri cheche ya stata au ya swichi ya feni.

Mipira ya petroli inakaguliwa kwa vidole kwanza, kisha kwa macho. Ikunje. Ukiona nyufa ndogo karibu na klipu, au mpira umekuwa mgumu, unanata au umevimba, badilisha mipira yote ya gari, si huo mmoja. Petroli yenye ethanoli hula mpira wa zamani kuanzia ndani, kwa hiyo mpira unaweza kung'aa nje huku ndani umeshakuwa ungaunga. Tunafunga mpira ulioandikwa SAE J30 R9, wenye tabaka la ndani linalostahimili ethanoli. Mpira usio na maandishi yoyote haufungwi, hata kama muuzaji anauapia.

Kipenyo kilingane na bomba: la milimita 6 kwa mpira wa 6, la 8 kwa mpira wa 8. Mpira uingie angalau milimita 25 na upite ule ukingo uliotuna mwishoni mwa bomba. Bomba lisilo na ukingo huo linaachia mpira siku shinikizo likipanda, hata ukifunga klipu mbili. Klipu zenye matundu kwenye ukanda huchimba mpira kama kisu. Tunazitoa zote na kuweka zile za ukanda laini zinazokazwa kwa bolti ndogo, na tunakaza mpaka mpira ubanike bila kufinyangwa.

Chujio la petroli la kioo halikai kwenye chumba cha injini. Chujio la plastiki pia halina kazi pale. Hugonga, hupasuka, na uzito wake huvuta mpira kila injini inapotetemeka. Katika Beetle kosa hili limezoeleka: chujio linaning'inizwa kati ya pampu na kabureta, juu kabisa ya injini yenye joto na karibu na distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi. Tumelihamishia chini ya gari, kabla bomba halijaingia chumba cha injini. Katika kabureta nyingi za zamani, kijibomba cha kuingizia petroli kimeshindiliwa tu kwenye aluminiamu, bila uzi wa skrubu. Kishike kwa koleo, ukizungushe kidogo. Kikicheza, kabureta itolewe, tundu likatwe uzi na kufungwa kijibomba cha skrubu. Gundi haikubaliki hapo.

Bomba la petroli la shaba nyekundu hukakamaa kwa mtetemo na kupasuka. La chuma au la mchanganyiko wa shaba na nikeli hudumu zaidi, likishikwa kwa vibano vyenye mpira kila baada ya sentimita 20 hadi 30 na kupitishwa mbali na ekzosi. Kuhusu mitungi ya kuzimia moto: kila gari lina mmoja wa kilo 2, umefungwa kwa kishikio cha chuma mahali ambapo dereva anaufikia akiwa bado kwenye siti. Mtungi uliolala kwenye buti chini ya mabegi ni mzigo tu.

Siku ya kwanza: tambarare, asubuhi ya baridi

Hatari ya alfajiri iko kwenye kabureta. Injini baridi, choki imevutwa, dereva anakanyaga aksereta mara kumi kwa haraka, na kila mkanyago unamwaga petroli kwenye koo la kabureta. Taimingi, yaani wakati wa kupiga cheche, ikiwa imepotoka kidogo, au valvu ya kuingizia haifungi sawasawa, mlipuko hurudi nyuma na kutokea kabureta. Kasha la chujio la hewa likiwepo, ulimi huo wa moto hufia humo. Likiwa limetolewa ili injini "ipumue", moto unakutana na petroli iliyomwagika juu ya manifoldi, yaani mabomba yaliyofungwa kwenye injini ya kuingizia hewa au kutolea moshi. Kanyaga mara mbili, kisha washa. Na kasha la chujio lirudishwe mahali pake hata kwa gari la michezo.

Moto ukishika ndani ya koo la kabureta peke yake wakati unapiga stata, usiache. Endelea kupiga stata huku aksereta imekanyagwa hadi chini. Injini itaunyonya moto na kuumeza. Ipe sekunde tano hadi kumi. Usipozimika, au ukiona miale nje ya kabureta, zima swichi, toka, chukua mtungi.

Kuna zoea moja tunaloliogopa kuliko yote: mtu amesimama juu ya injini na chupa ya petroli, anamimina kwenye kabureta, mwenzake anapiga stata. Injini ikirudisha moto, chupa iko mkononi, na mkono wa aliyeungua huitupa bila kuchagua inakoangukia. Kabureta kavu ijazwe kwa mkono wa pampu, kama pampu inao, au kwa kumimina vijiko viwili vya petroli, kuifunga chupa, kuipeleka hatua kumi mbali, kurudisha kasha la chujio, na ndipo stata ipigwe bila mtu yeyote kuinamia injini.

Baada ya kilomita 20 tunasimama. Kituo hiki ni cha lazima, kwa kuwa injini sasa imepata joto kamili na mtetemo umeshafanya kazi yake kwenye kila kiungo. Gari la michezo linanuka petroli ndani. Abiria wengi husema magari ya zamani hunuka tu. Hapana, gari lisilo na kasoro halinuki petroli likiwa linatembea. Tunazima, tunasubiri, tunaangalia kwa tochi, na tunapitisha karatasi nyeupe chini ya kila kiungo. Petroli inatoka kwenye bomba la kumwagia ziada la kabureta ya nyuma: uchafu umeing'ang'aniza sindano inayozuia petroli kuingia, na kielea, lile boya linaloisukuma, kinashindwa kuifunga.

Kugonga bakuli la kabureta taratibu kwa mpini wa bisibisi husaidia mara nyingi, lakini ni tiba ya dakika chache. Kifuniko kinafunguliwa, kiti cha sindano kinasafishwa, kielea kinatikiswa sikioni kujua kama kimeingiwa petroli. Kisha shinikizo la pampu linapimwa. Kabureta za aina ya SU, kama za gari hili, huridhika na takriban bar 0.2, pampu nyingi za umeme zinazouzwa leo zinatoa 0.3 hadi 0.5, na hilo linatosha kuisukuma sindano isifunge hata ikiwa safi. Dawa ni kidhibiti cha shinikizo, au pampu inayolingana na kabureta. Mwisho, bomba la ziada linarefushwa hadi chini ya fremu, upande usio na ekzosi. Katika injini ambazo kabureta na ekzosi viko upande mmoja, bomba hilo fupi la bei ndogo ndilo linaloamua kama kielea kibovu kitakuwa harufu au moto.

Mchana tunajaza petroli. Injini imezimwa, kila mtu yuko nje. Hatujazi hadi mdomoni: petroli hutanuka kama asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo tangi la lita 50 lililojazwa mafuta ya nyuzi 20 kutoka ardhini litatafuta nafasi ya karibu lita 1 zaidi yakifika nyuzi 40. Isipopatikana, petroli itatokea kwenye kifuniko, mara nyingi juu ya bomba la ekzosi lililo karibu. Dumu la akiba, ambalo ni la chuma na limeidhinishwa kwa petroli, huwekwa chini kwenye ardhi linapojazwa. Likijazwa likiwa juu ya zulia la buti au plastiki ya pikapu, umeme tuli hauna pa kukimbilia isipokuwa mdomo wa bomba.

Siku ya pili: mlima

Leo magari yanapanda kwa gia ya pili na ya tatu kwa saa nzima. Manifoldi ya ekzosi inapita nyuzi 500. Wengi hudhani tone la petroli likigusa chuma hicho ndipo moto unapoanza. Inatokea, lakini petroli inayomwagika kwenye chuma cha moto penye upepo huvukizwa na kupeperushwa haraka. Mara nyingi kinachouwasha mvuke huo ni cheche ya waya wa plagi uliochakaa, ya distribyuta au ya brashi za dainamo. Oili ni tofauti. Hunata, hukaa pale pale, hupata joto polepole, hufuka, kisha hushika. Ndiyo maana mlimani tunatafuta oili kwanza.

Pa kuangalia ni gasketi ya kava la valvu, hasa upande wa ekzosi. Moshi mwembamba wa buluu unaotokea kwenye matundu ya boneti ukipanda mlima, na kupotea ukishuka, mara nyingi umetoka hapo. Ni kazi ya nusu saa: safisha uso, weka gasketi mpya, kaza bolti kwa zamu bila kuzidisha, kwa sababu kava la bati likikazwa mno hupinda na kuvuja zaidi. Halafu fuata kile kijibomba chembamba kinachopeleka oili kwenye geji ya dashibodi. Vingi ni vya plastiki, vimepita miaka 40, na kimoja kikipasuka hurusha oili ya moto kwa shinikizo kamili la injini. Badilisha kwa kile cha chuma kilichosukwa, au weka geji ya umeme.

Maji ya rejeta nayo si maji matupu. Glaikoli iliyomo, maji yakishachemka na kuondoka, inaweza kuwaka ikigusa chuma kinachozidi takriban nyuzi 400. Mpira wa rejeta uliovimba juu ya ekzosi tunauhesabu kama kosa la moto.

Beetle inahitaji macho ya nyuma. Dereva wake hawezi kuona moshi wa kwanza, kwa hiyo gari linalofuata limepewa kazi moja: likiona moshi, taa kamili na honi bila kuacha. Kasha la injini hiyo ni la aloi ya magnesiamu. Moto wa petroli ukizimwa mapema, kasha linabaki salama. Ukiachwa mpaka magnesiamu ishike, hakuna mtungi wa gari utakaouzima, na maji yakimwagwa juu yake hutoa haidrojeni na kuuchochea. Kwa gari hili, kuamua haraka ni muhimu kuliko kwa mengine yote.

Saluni ya K-Jetronic ina tatizo lake. Kabureta huvuja kwa matone, lakini mfumo huu una shinikizo la karibu bar 5, na tundu dogo kama la sindano hutoa ukungu wa petroli. Kuna rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayokata pampu injini ikisimama. Gari lisipowaka, mafundi wengine huiruka kwa kipande cha waya na kukiacha hapo. Tumekikuta kipande hicho leo na tumekitoa: baada ya ajali, gari lenye waya huo lingeendelea kusukuma petroli juu ya injini mpaka tangi liishe. Pikapu yenye pampu ya umeme iliyoongezwa inapata ulinzi wa aina hiyo hiyo, yaani swichi ya mgongano inayokata umeme wa pampu gari likigongwa, na rilei inayosoma mapigo ya koili, ile inayozalisha umeme wa cheche za plagi.

Tukifika juu hatuzimi papo hapo. Dakika moja au mbili za injini kuunguruma polepole bila kukanyaga aksereta zinashusha joto la manifoldi, kisha tunazima na kufungua boneti. Gari likizimwa, feni na upepo vinakoma lakini chuma bado kina joto, hivyo chumba cha injini hupanda joto kwa dakika kumi na zaidi. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hivi. Bakuli la kabureta likichemka, mvuke hujaa kila kona. Kabla ya kuwasha tena, nusa kwanza. Ukisikia harufu, acha boneti wazi mpaka iondoke.

Siku ya tatu: mteremko

Leo ukaguzi ni wa breki tu. Gia ile ile uliyopandia ndiyo ya kushukia. Dramu zikichemka, grisi ya beringi huyeyuka na kutiririka kwenye viatu vya breki, na moshi mweupe kutoka gurudumu moja tu humaanisha kiatu kinachong'ang'ania, silinda iliyoganda au breki ya mkono iliyoachwa nusu. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka nyuzi 230 au zaidi. Yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155, na pedali huzama.

Ukisimama na gurudumu linalofuka, usivute breki ya mkono, zuia gari kwa mawe. Usimwagie maji dramu ya moto, inaweza kupasuka. Liache lipoe lenyewe huku mtungi uko mkononi. Tairi likishashika, mtungi mdogo huua miale lakini mpira hubaki na joto na kuwaka upya, kwa hiyo jiandae kurudia na simama kwa mbele au nyuma ya gurudumu, si ubavuni, kwa kuwa tairi likipasuka hurusha vipande kando.

Siku ya nne: mvua, kisha usiku

Taa zote zinawaka, waipa zinafanya kazi, feni ya ndani inazunguka. Sasa nyaya ndizo zinazobeba safari, na nyaya za magari haya zilichorwa kwa mahitaji madogo. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960 yalitoka kiwandani na fyuzi mbili hadi nne. Katika mifumo ya Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme vya magari, nyaya za kahawia zinatoka betri hadi swichi ya kuwashia na swichi ya taa bila fyuzi yoyote. Waya huo ukichubuka kwenye ukuta wa injini, pale gromiti, ile pete ya mpira inayolinda waya kwenye tundu, ilipooza, betri humwaga mamia ya ampea kwenye chuma, na waya huwaka urefu wake wote, pamoja na kila waya uliofungwa nao kwenye fungu moja.

Suluhisho si kubadilisha gari zima. Fyuzi moja kubwa karibu na betri, inayolingana na unene wa waya mkuu, italinda kila kitu isipokuwa stata. Taa za mbele zipewe rilei na fyuzi zake, moja kila upande, ili fyuzi ikikatika usiku usibaki gizani kabisa. Fyuzi za kioo za zamani zina mtego: nyingi za Kiingereza zimeandikwa ampea 35 kwa maana ya kiwango cha kukatika, ilhali uwezo wake wa kudumu ni nusu yake tu. Ukiweka fyuzi ya kisasa ya ampea 35 mahali hapo, waya utaungua kabla yake.

Viungo legevu huwaka bila fyuzi kukatika kamwe, na hili watu wengi hawalijui. Taa mbili za wati 55 zinavuta ampea 9 hivi. Zikipita kwenye kiungo chenye kutu cha omu 0.3, kiungo hicho peke yake kinatoa wati 24, joto la chuma cha kulehemu kilichosahauliwa ndani ya zulia. Fyuzi haioni kosa lolote. Kwa hiyo tukisimama usiku tunagusa: kisanduku cha fyuzi, swichi ya taa, plagi za nyuma ya taa, ncha za betri. Chochote kinachochoma vidole kinafunguliwa, kinasuguliwa na kubanwa upya. Pikapu imekutwa na redio na chaja zilizodandia nyaya kwa vile vibano vya plastiki vinavyotoboa ganda. Vyote vimekatwa, viungo vimebanwa kwa koleo na kufunikwa.

Aliyebadilisha dainamo ya ampea 22 kwa altaneta ya 60 aangalie geji ya ampea na waya wake. Umeme wote wa kuchaji unapita nyuma ya dashibodi, kwenye waya uliokadiriwa theluthi ya mzigo huo. Waya mpya mnene uende moja kwa moja kutoka altaneta hadi betri.

Betri ya Beetle iko chini ya siti ya nyuma. Kifuniko chake kisipokuwepo, abiria mzito anakandamiza springi za siti hadi zinagusa ncha za betri, na manyoya yaliyojazwa ndani ya siti hushika. Kifuniko cha plastiki kirudishwe na betri ifungwe isicheze.

Swichi ya kukatia betri iko kila gari, mahali mtu aliye nje anapoweza kuifikia, chini ya alama ya pembetatu ya buluu yenye radi nyekundu. Gari la dainamo au la altaneta linaweza kuendelea kuunguruma hata betri ikikatwa, hivyo swichi inayofaa ni ile yenye ncha za ziada, inayokata betri na koili, na kumwaga umeme wa altaneta kwenye kizuizi cha umeme (rezista). Saa 3 usiku, mvua ikiwa imepungua, tunafungua boneti gizani injini ikiunguruma. Nyaya za plagi zilizochoka huonyesha vicheche vya buluu. Mbili zimebadilishwa hapo hapo.

Siku ya tano: mapumziko na zoezi

Hakuna kuendesha. Kila dereva anarudia mwendo huu mpaka mikono iujue: ondoa mguu kwenye aksereta, toka barabarani, zima swichi bila kuchomoa ufunguo wakati gari bado linatembea, kwani usukani unaweza kujifunga. Pampu ya ziada izimwe. Gari likisimama, breki ya mkono, vuta kishikio cha boneti ukiwa ndani kabla kebo haijaungua, lakini boneti ibaki kwenye ndoano ya pili. Watu wote nje upande usio na magari, mita 30 na zaidi, upande upepo unakotoka. Mmoja anapiga simu ya zimamoto. Mmoja anakata betri, ikiwa swichi haiko karibu na miale.

Kisha boneti, na hapa ndipo magari mengi hupotea. Boneti ikifunguliwa wazi, hewa inaingia kwa wingi na moto uliokuwa unahangaika unaruka usoni. Usiifungue. Pitisha mdomo wa mtungi kwenye mwanya wa ndoano, kwenye grili, au kutoka chini nyuma ya gurudumu, piga kwa milipuko mifupi ukilenga mzizi wa moto. Mtungi wa kilo 1 huisha ndani ya sekunde 10 au pungufu. Wa kilo 2 unakupa zaidi kidogo. Ukiisha na miale bado ipo, au ikishafika upande wa tangi, ondoka. Gari la fiberglasi lipe muda mfupi zaidi, maana bodi yenyewe ni kuni.

Poda ya ABC ndiyo tunayoibeba kwa kuwa inaua moto wa petroli haraka hata penye upepo. Ubaya wake: haipozi chuma, hivyo moto hurudi, na poda hula aluminiamu na viungo vya umeme ikikutana na unyevu. Povu hupoza na kufunika petroli isitoe mvuke, na ni mwenza mzuri wa poda kwa gari lenye nafasi ya mitungi miwili. Kaboni dioksidi haiachi uchafu, lakini nje upepo huibeba. Soma herufi za aina za moto kwenye mtungi kwa uangalifu: B ni vimiminika kote, lakini C katika mfumo wa Ulaya ni gesi, na wa Marekani ni umeme. Poda hushindiliwa na mtetemo wa safari. Kila mwezi geuza mtungi kichwa chini, gonga kitako, sikia poda ikihama. Sindano ya geji iwe kwenye kijani.

Mitungi mizuri ya shaba iliyokuja na magari ya kale ibaki mapambo, ikiwa mitupu. Mingi ilibeba kaboni tetrakloridi, ambayo kwenye moto hutoa gesi ya fosgini yenye sumu kali. Ile midogo ya haloni 1211 nayo, ambayo uzalishaji wake ulikoma katika nchi zilizoendelea mwanzoni mwa 1994, ikabidhiwe kwa wanaoiharibu kihalali.

Zoezi linamalizika kwa kufyatua mtungi mmoja wa zamani wa poda kwenye sinia la moto. Waliokuwa hawajawahi kushika mtungi wanashangaa jinsi poda inavyowahi kuisha na jinsi wingu lake linavyoziba macho.

Siku ya sita: vumbi na nyasi kavu

Kilomita chache, hatari chache, lakini za haraka. Hatuegeshi juu ya nyasi kavu. Bomba la ekzosi liko sentimita chache juu yake. Kila kituo tunang'oa majani yaliyonasa juu ya bomba la ekzosi na kwenye kikinga cha chini. Mawe yamepiga bomba la petroli la pikapu na kulibonyeza bila kulitoboa. Limefunikwa kwa mpira mnene uliopasuliwa, na litabadilishwa.

Siku ya saba: kufika

Magari yanaegeshwa kwa kuachiana nafasi, si mlango kwa mlango, ili moja likishika lisichukue mengine. Betri zinakatwa. Chini ya kila injini kinawekwa kipande cha kadibodi: doa la usiku litasema nani anavuja na kutoka wapi.

Gari linalolala miezi lipate ukaguzi wa viota kabla ya kuwashwa tena. Panya hupenda juu ya manifoldi na ndani ya kasha la feni la Beetle, hutafuna ganda la nyaya, na kiota ni makaratasi makavu juu ya chuma kitakachopata moto dakika kumi baadaye.

Na kwa yeyote ambaye gari lake limewaka na kuzimwa: usifungue boneti kwa angalau nusu saa, na usiguse kwa mikono mitupu mpira au sili yoyote iliyogeuka lami nyeusi inayonata. Sili za florini zikiungua hutoa asidi ya haidrofloriki inayopenya ngozi hadi mfupa. Vaa glavu nene za neoprini na uzitupe baadaye. Poda ipulizwe na kufyonzwa ikiwa bado kavu, kisha aluminiamu ioshwe kwa maji mengi na kukaushwa siku hiyo hiyo. Mipira yote ya petroli, nyaya na mipira ya breki vilivyopita kwenye chumba hicho vinabadilishwa hata kama vinaonekana vizima, na mtungi uliofyatuliwa, hata kwa sekunde moja, unapelekwa kujazwa upya, kwa kuwa poda iliyobaki kwenye valvu itauvujisha wote ndani ya siku chache.